Kuruti simu, kubadilisha romu na kucheza na kasi ya prosesa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka mezani kwangu Kariakoo, chumba cha ghorofani ambako feni inazunguka na joto halitoki. Mengi naulizwa kila wiki kwa maneno yaleyale. Mengine yanaingia WhatsApp saa sita usiku, kutoka kwa mtu ambaye simu yake imeshakwama kwenye logo. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale ya mtego. Ukikuta nimeandika "tazama swali la 6", kaangalie kweli, maana sitarudia, na mara nyingi la 6 ndilo lingekuokoa.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kuruti simu ni kufanya nini hasa?

Android imejengwa juu ya Linux, na ndani ya Linux kuna mtumiaji mmoja mkuu anayeitwa root, mwenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha chochote. Simu ikitoka kiwandani, mtumiaji huyo si wewe uliyeilipia. Wewe ni mpangaji: makochi unapanga utakavyo, ukuta hubomoi. Kuruti ni kukabidhiwa funguo za mwenye nyumba, pamoja na hasara zake ukibomoa nguzo. (Kwa anayeuliza: hapana, neno halitokani na kuruti wa JKT, ingawa wiki ya kwanza jasho linafanana.)

Chombo kinachotumika zaidi siku hizi ni Magisk, cha John Wu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2016. Kabla yake iliyotamba ni SuperSU ya Chainfire. Magisk haiandiki kitu kwenye patisheni (kipande cha hifadhi) ya mfumo, inabadilisha faili la boot tu, lile la kuwashia simu. Ndiyo maana kuiondoa ni rahisi, na ndiyo maana nikisikia mtu bado anatafuta zile programu za "ruti kwa kubonyeza mara moja" namwambia aache. Nyingi ziliishi kwa matundu ya Android za zamani, na nyingine zinakuingizia matangazo usiyoyaomba.

2. Kuruti, kuflashi na kubadilisha romu si kitu kimoja?

Si kimoja, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu walipie kazi ambayo hawakuihitaji.

Butiloda ni programu ya kwanza kuamka ukiwasha simu. Inakagua kama mfumo unaofuata una sahihi ya mtengenezaji, na ikiwa imefungwa haikubali kingine. Rikavari ni mfumo mdogo wa pembeni wa kufutia na kuwekea vitu, na TWRP ndiyo maarufu kuliko zote. Keneli ndiyo kiini kinachozungumza na vifaa vyenyewe: prosesa, kamera, chaji. Romu ni mfumo mzima unaouona kwenye kioo. Kuflashi ni kitendo tu cha kuandika faili kwenye hifadhi ya simu, liwe la kiwandani au la mtaani. Kwa hiyo fundi akikwambia "naiflashi", muulize anaflashi nini.

Unaweza kuruti na ukabaki na romu ya kiwandani. Unaweza kuweka LineageOS, romu ya mtaani, na usiwe na ruti, maana yenyewe inakuja bila ruti. Njia zote mbili zinaanzia kwenye butiloda. LineageOS yenyewe ilizaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, ile aliyoianzisha Steve Kondik mwaka 2009. Wale wa enzi hizo wanaikumbuka simu ya HTC Dream: chipu yake ilikuwa ya megahezi 528, ila kutoka kiwandani ilikimbizwa kwa 384. Watu waliweka romu ya mtaani ili wapate tu megahezi walizokwisha kuzilipia.

3. Simu yangu inaweza kufanyiwa?

Nitajie modeli kamili, usiniambie "Samsung ya kioo kikubwa". Nenda Kuhusu simu, soma herufi na namba zote.

Pixel zinafunguka kirahisi, isipokuwa zilizouzwa na baadhi ya mitandao ya Marekani. Samsung za soko letu nyingi zilikuwa zinafunguka mpaka One UI 8 ya mwaka 2025 ilipoondoa chaguo hilo, na mtumba uliotoka Marekani, ule ambao modeli inaishia na U, butiloda yake haifunguki, na ziko tele madukani kwa sababu bei yake inashawishi. Xiaomi inakutaka uombe ruhusa kwa akaunti yao na usubiri, mara nyingi saa 168, yaani wiki nzima, na kwenye HyperOS, mfumo wao mpya, masharti yamekaza zaidi. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Tecno, Infinix na itel ndizo zilizojaa mifukoni mwetu. Nyingi butiloda inafunguka, lakini romu zilizotengenezwa mahususi kwa modeli hizo ni chache, hivyo wengi wanaishia kwenye ruti tu au GSI (swali la 12).

Kabla ya kitu kingine, tafuta kama kuna famwea ya kiwandani (mafaili kamili ya mfumo wa simu) ya modeli yako unayoweza kuipakua. Kama haipo, mimi sigusi simu hiyo. Huwezi kuingia kwenye maji usiyojua utatokea wapi.

4. Nitapoteza nini?

Data zote, kwanza. Kufungua butiloda kunafuta simu nzima, na hilo limewekwa makusudi ili mwizi asifungue akasoma mambo yako. Halafu garantii, kwa watengenezaji wengi. Kwenye Samsung kuna fyuzi ya Knox, ulinzi wao wa ndani: ukiflashi kitu kisicho cha kwao inaungua na hairudi hata ukirudisha famwea ya kiwandani, na Secure Folder, ile folda ya siri, inakufa nayo. Kwenye simu kadhaa ngazi ya Widevine (ulinzi wa video za kulipia) inashuka kutoka L1 hadi L3, kwa hiyo filamu za kulipia zinaonekana hafifu. Programu za benki zina swali lake, la 19.

Na utaona onyo kila ukiwasha simu. Kwenye nyingi zenye chipu ya MediaTek linaitwa "Orange State" na linakusubirisha sekunde tano. Mama mmoja wa Tandika alinirudishia simu akidhani ni virusi.

5. Ni kosa kisheria?

Kosa ambalo halina mjadala ni kubadilisha IMEI, namba ya utambulisho ya simu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imelikataza, na tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Wanaokumbuka usiku ule wanajua simu ngapi ziligeuka redio. Piga *#06# uione namba yako, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uihakiki. Namba hiyo iandike kwenye karatasi kabla hujaanza. Kurudisha IMEI ya simu yako iliyofutika ni ukarabati, kuweka ya simu nyingine ni jinai, na fundi anayekwambia "nakuwekea yoyote tu" anakuingiza wewe matatizoni, si yeye peke yake.

## Kabla ya kugusa kitu

6. Bakapu ya picha ninayo Google. Inatosha?

Haitoshi. Picha ni mali yako, lakini simu ina mali yake pia: patisheni ndogo zinazobeba IMEI na vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa simu ile moja tu. Kwenye MediaTek ni nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2. Kwenye Qualcomm ni modemst1, modemst2, fsg na persist. Samsung wana efs. Hakuna mahali pa kuzipakua zikipotea. Ya jirani haikufai hata kama simu ni pacha.

Nilijifunza kwa simu ya shemeji. Ilikuwa imekwama, nikafungua SP Flash Tool, programu ya kuflashi MediaTek, nikapakia faili la scatter (ramani ya patisheni), na kwenye kile kisanduku cha juu nikachagua "Format All + Download" badala ya "Download Only". Mstari ukajaa, alama ya kijani ikatokea, nikafurahi. Simu ikawaka safi kama mpya. Nikapiga *#06#: patupu. Laini ikaingia, mtandao haukuja. Bakapu sikuwa nayo, kwa sababu simu ilikuwa inakwama na mimi nilikuwa na haraka. Mpaka leo watoto wanaangalizia katuni kwa Wi-Fi, na shemeji kila Idi ananikumbusha.

Kwa hiyo: ukiwa na ruti, nakili patisheni hizo kwa dd (amri ya kunakili) kabla hujaweka kitu kingine, kisha zihamishe kwenye kompyuta na kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Kwenye MediaTek nyingi mtkclient, programu ya kompyuta, inazisoma hata kabla ya ruti, simu ikiwa imezimwa na umeshikilia kitufe cha sauti wakati unachomeka waya. Kisha fungua folda uangalie ukubwa wa mafaili. Faili lenye baiti 0 si bakapu.

7. Umeme ukikatika katikati je?

Ndiyo maana natumia laptopu yenye betri nzima, si kompyuta ya mezani. Kama unayo ya mezani tu, weka UPS, au subiri siku ambayo TANESCO hawajakutisha. Simu yenyewe iwe na chaji walau asilimia 60, kwa sababu kwenye hatua nyingi haichaji vizuri hata ikiwa imechomekwa.

Waya una kesi kubwa kuliko umeme. Waya nyingi za barabarani zinapitisha chaji tu, nyuzi za data hazimo. Ichomeke, ukiona kompyuta haitoi mlio wala haioni mafaili, usianze kulaumu madereva ya Windows kwa saa mbili. Badilisha waya.

8. Romu inakula bando kiasi gani, na niitoe wapi?

LineageOS ni kama gigabaiti moja na zaidi, famwea ya kiwandani inaweza kufika tano au sita. Pakua usiku kwa bando la usiku. Chukua kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, si kwenye faili lililozunguka magrupu ya Telegram likibadilishwa jina. Ukimaliza, linganisha SHA-256 (alama ya utambulisho) ya faili lako na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa. Ikitofautiana hata herufi moja, bando limekwenda, pakua tena. Afadhali hasara hiyo.

## Kazi yenyewe

9. Hatua zinakwendaje kwa ujumla?

Kila modeli ina mambo yake, lakini njia kuu ni hii. Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba. Ndani ya Chaguo za wasanidi programu washa Ufunguaji wa OEM na Utatuzi wa USB. Ingiza simu kwenye fastboot, hali ya kupokea amri za kompyuta, andika `fastboot devices` uone kama kompyuta inaiona, kisha `fastboot flashing unlock`, au kwenye za zamani `fastboot oem unlock`. Simu itauliza, utakubali kwa kitufe cha sauti, itajifuta.

Baada ya hapo unaflashi rikavari, unaingia humo, unafuta data kwa kuchagua kuiformati, na unasukuma romu kutoka kwenye kompyuta kwa `adb sideload`. Hapa watu wengi hukimbilia kuchomoa waya kwa sababu hesabu ya kwenye kompyuta inasimama kwenye asilimia 47. Iache. Kwenye sideload, 47 inaweza kuwa ndiyo mwisho wenyewe. Soma kioo cha simu, ndicho kinachosema kweli. Samsung haina fastboot, yenyewe inatumia programu ya Odin na ile hali yake ya Download.

Ukitaka Play Store, zile programu za Google uziweke baada ya romu na kabla ya kuwasha simu mara ya kwanza. Ukizisahau ukaja kuziweka kesho, zitagoma goma mpaka ufute data tena.

10. Na ruti naiwekaje?

Toa boot.img kutoka kwenye famwea ileile iliyomo kwenye simu, toleo lilelile mpaka namba ya mwisho. Kwenye simu zilizotoka na Android 13 na kuendelea mara nyingi ni init_boot.img. Ihamishie kwenye simu, ifungue kwa Magisk iipachike (iongeze ruti ndani yake), irudishe kwenye kompyuta, iflashi kwa fastboot. Boot ya toleo jingine ndiyo sababu namba moja ya swali linalofuata.

11. Imekwama kwenye logo, haiendi mbele wala nyuma. Imekufa?

Hapana. Simu inayoonyesha logo iko hai. Kama ni mara ya kwanza baada ya romu mpya, ipe dakika kumi na tano, kanywe kahawa. Ikizidi hapo, rudi rikavari, futa data. Wengi wanaokwama ni kwa sababu wamebeba data ya romu ya zamani kwenye romu mpya. Kama ulikuwa unaruti tu, flashi boot ya asili isiyopachikwa na simu itarudi ilivyokuwa.

Kama haionyeshi chochote, kioo cheusi, hakuna mtetemo, hapo ndipo tunaposema imekufa, na hata hapo kuna mlango. MediaTek ina BROM, Qualcomm ina EDL ambayo kwenye kompyuta inajitokeza na namba 9008. Mlango huo uko ndani ya chipu yenyewe, haufutiki kwa kuflashi vibaya, ingawa chipu mpya zinadai faili lililoidhinishwa na mtengenezaji. Kesi ngumu kweli ni kushusha famwea kwenye simu yenye ulinzi wa kuzuia kurudi nyuma. Linganisha namba ya ulinzi huo kabla hujashusha toleo, si baada.

12. GSI ni nini? Wanasema inaingia simu yoyote.

Mwaka 2017, pamoja na Android 8.0, Google walileta Treble, yaani kutenganisha mfumo na sehemu ya mtengenezaji wa vifaa. Kwa hiyo romu moja ya jumla, ndiyo GSI, inaweza kukaa juu ya simu nyingi. Inawaka kweli. Lakini ikishawaka, utakuta kisoma alama ya kidole kimelala, au simu ukipigiwa husikii kwenye bluetooth, au mwanga wa kioo haupungui. Mimi GSI naiweka kwenye simu ya pili, ile ya kuchezea. Simu inayopokea wateja siiweki.

## Kasi ya prosesa

13. Kasi inabadilishwa kwa nini na wapi?

Prosesa haikimbii kwa kasi moja. Ina jedwali la kasi lililoandikwa kwenye mfumo, na keneli inapanda na kushuka ngazi hizo mara nyingi kwa sekunde. Anayeamua apande lini anaitwa gavana. Si yule wa Benki Kuu, ingawa kazi inafanana: kubana na kulegeza. Wapo performance anayekaa juu muda wote, powersave anayekaa chini muda wote, ondemand na interactive wa zamani, na schedutil aliyeingia Linux 4.7 mwaka 2016, ambaye ndiye utamkuta kwenye simu nyingi za leo.

Chukua Helio G85, chipu iliyojaa kwenye simu za bei ya kati. Ina viini nane: sita vya Cortex-A55 vinavyofika gigahezi 1.8, na viwili vikubwa vya Cortex-A75 vinavyofika 2.0. Kwa hiyo utakuta makundi mawili, policy0 na policy6, kila moja na gavana wake. Ukiwa na ruti, fungua terminali, andika `su` kuomba ruti, kisha:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy6/scaling_available_frequencies`

Zitatoka namba kama 2000000. Ni kilohezi, usishangae sifuri. Kuweka dari mpya:

`echo 1500000 > /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy6/scaling_max_freq`

Ukiandika namba isiyokuwepo kwenye jedwali, mfumo unachukua iliyo karibu. Asiyependa kuandika, Franco Kernel Manager na SmartPack zinafanya hayohayo kwa kubonyeza.

14. Nataka gigahezi 2.0 ifike 2.5. Inawezekana?

Kwa ile amri ya swali la 13, hapana. Ile inakuruhusu kutembea ndani ya jedwali, si kuongeza ngazi. Ngazi mpya inahitaji keneli iliyojengwa upya, na msimbo wa keneli ya modeli yako uwe umetolewa hadharani. Zamani ilikuwa kawaida. Siku hizi, kwenye Qualcomm za karibuni, jedwali la kasi na umeme linasimamiwa na kifaa chake maalumu ndani ya chipu, keneli inaomba tu. Anayekuuzia programu ya Play Store "inayoongeza gigahezi" anakuuzia picha ya mshale.

15. Na nikiweza, simu italipuka?

Haitalipuka kwa hilo. Itachemka, itajizima, itajiwasha, na siku moja itaharibu mafaili ikiwa katikati ya kuandika. Hesabu ndiyo inayotisha: umeme unaoliwa unakua sawia na kasi, lakini kwa volteji unakua kwa kipeo cha pili. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10 ili isiyumbe, umelipa 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani karibu asilimia 33 zaidi ya umeme. Kasi ya kumi, joto la thelathini na tatu. Simu haina feni, na Dar mwezi wa pili hewa yenyewe imeshapita nyuzi 30.

16. Mbona asubuhi inakimbia na mchana inagandaganda, na sijagusa kitu?

Hiyo ni simu inajilinda. Kuna vipimajoto ndani ya chipu, na vikifika kiwango fulani mfumo unashusha dari ya kasi wenyewe. Unaweza kuvisoma: `cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp`, ikitoka 45000 ni nyuzi 45.

Kuna dereva wa bajaji wa Mwenge aliyeniletea simu akitaka iongezwe nguvu. Ramani ilikuwa inakwama saa nane mchana tu. Tukashuka naye mpaka kwenye bajaji. Simu ilikuwa imebanwa kwenye kioo cha mbele, jua linaipiga usoni, inachaji kutoka kwenye betri ya chombo, GPS inawaka, mwanga wa kioo mpaka mwisho, na ina kava nene la mpira. Ilikuwa moto kiasi cha kutoishika. Nikavua kava, tukahamisha kishikio chini ya kivuli cha dashibodi, nikamwambia achaji wakati anasubiri abiria. Alirudi kesho yake kuniuliza nimemwekea romu gani.

Kuna watu wanazima ulinzi huo wa joto ili wacheze gemu. Usifanye. Prosesa inaweza kustahimili, betri iliyo milimita chache pembeni yake haistahimili, na betri ya lithiamu iliyovimba ndiyo inayonipa mimi hofu, si gigahezi.

17. Basi nikitaka betri idumu, niweke ngapi?

Hili ndilo napenda kuulizwa, kwa sababu ushauri wangu kwa watu tisa kati ya kumi ni kushusha, si kupandisha. Ngazi za juu za jedwali ndizo ghali: zinadai volteji kubwa kwa faida ndogo. Kwenye G85 ya mfano wetu, acha policy0 ilivyo, ishushe policy6 hadi karibu 1.5. WhatsApp, kupiga simu na kusoma habari hutaona tofauti. Utakayoiona ni kwamba mfuko wa suruali haupati moto ndani ya daladala ya Mbagala iliyosimama foleni.

Usishushe viini vidogo sana, na usimweke gavana powersave ukidhani ndiyo uchumi. Kazi ya sekunde moja itachukua tatu, na muda wote huo kioo kinawaka, na kioo kinakula kuliko prosesa. Kushusha volteji bila kushusha kasi ni suala jingine. Linahitaji keneli inayoruhusu, na jibu la 14 linaeleza kwa nini haipatikani kirahisi.

18. Nikizima na kuwasha, kila kitu kinarudi. Nifanyeje?

Ni kawaida, zile amri zinaishi kwenye kumbukumbu tu. Na ni neema, maana ukikosea, dawa ni kuzima na kuwasha. Jaribu siku tatu bila kuzidumisha. Ukiridhika, andika amri zako kwenye faili ndani ya /data/adb/service.d, lipe ruhusa ya kutekelezwa, na Magisk italiendesha kila simu ikiwaka. Mstari wa kwanza wa amri uwe `sleep 60`. Dakika hiyo moja itakupa nafasi ya kulifuta faili kama namba zako zinaangusha simu.

## Ya pembeni na ya mtego

19. Programu ya benki inakataa kufunguka baada ya kuruti.

Inauliza huduma ya Google inayoitwa Play Integrity kama simu ni halisi, na butiloda iliyofunguliwa inajibu hapana. Zipo moduli za kuficha, zinafanya kazi mwezi huu na kugoma mwezi ujao, ni mchezo wa paka na panya. Mimi sizipendekezi kwa mtu anayeweka mshahara humo. Huduma za pesa za simu bado unazipata kwa namba: *150*00# ya M-Pesa haijali romu, inapita kwenye laini. Kama maisha yako yote yako kwenye programu ya benki, acha simu hiyo bila kuguswa na nunua ya pili ya kuchezea.

20. Nimerudisha famwea ya kiwandani. Nifunge butiloda sasa?

Hakikisha kwanza ni ya kiwandani kweli, kila patisheni, na inawaka mpaka mwisho bila ruti. Ukifunga butiloda huku ndani kuna romu ya mtaani au boot iliyopachikwa, itakagua sahihi, itakataa, na imekwisha jifunga. Hizo ndizo simu zinazoletwa kwangu zimefungwa kwenye kitambaa kama maiti. Ukiwa na shaka, iache wazi.

21. Simu niliichukua kwa mkopo, imefungwa. Nikiiflashi deni linaisha?

Deni liko kwenye mkataba wenye jina lako na namba ya kitambulisho chako, haliko kwenye simu. Na nyingi zinajifunga upya zikipata mtandao. Sifanyi kazi hiyo. Vilevile simu iliyookotwa inayodai akaunti ya Google ya mwenyewe: kufuli hilo, lililopo tangu Android 5.1, limewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Mtafute mwenyewe.

22. Nikiruti nitapata intaneti ya bure?

Hapana.

23. Nataka kuiuza simu niliyoiruti. Nimwambie mnunuzi?

Mwambie. Toa akaunti yako ya Google kwanza, kisha rudisha famwea ya kiwandani (la 20 linahusika hapa). Kama ni Samsung, usijaribu kuficha: mnunuzi anayejua ataiingiza kwenye Download, atasoma mstari wa Knox, akikuta 0x1 atashusha bei papo hapo mezani, na hiyo 0x1 haifutwi na fundi yeyote wa Kariakoo.